Kozi za bure mtandaoni: bure ipi?

Jumamosi moja nilikuwa steshenari karibu na Makoroboi, hapa Mwanza, nasubiri zamu yangu ya kuprinti. Mbele yangu kijana ameshika simu, anataka cheti chake kitolewe kwa rangi halafu kipigwe laminesheni. Kilikuwa cheti cha kozi ya uchambuzi wa data, kina nembo ya chuo cha Marekani. Dada wa steshenari akakikodolea macho kwenye kompyuta yake.

"Kaka, Marekani ulienda lini? Si juzi tu tulikuwa wote kwenye daladala ya Buhongwa?"

"Nimesomea humuhumu kwenye simu, dada yangu. Bure kabisa."

"Hongera. Printi na laminesheni, elfu mbili na mia tano."

Tulicheka wote watatu, lakini mimi nilibaki na lile neno. Bure. Kiswahili kimelibebesha mizigo miwili: kitu kisicholipiwa, na jambo lisilo na faida. Mtoto aliyepewa daftari na mwalimu amelipata bure; mvuvi aliyerudi alfajiri na nyavu tupu amekesha bure. Anayetaka kuzielewa kozi za bure za mtandaoni, zile ambazo vyuo vikubwa vya dunia vinazitoa kwa yeyote mwenye intaneti, itambidi azishike maana zote mbili kwa pamoja, kwa sababu kozi ileile yaweza kuwa bure ya kwanza kwa mtu wa Toronto na bure ya pili kwa mtu wa Ukerewe.

Zilikotoka

Mwaka 2001 chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza kwamba kitaweka mtandaoni vifaa vya masomo yake: mihutasari, mazoezi, mitihani ya zamani, na baadaye video. Hapakuwa na kujiandikisha, wala mwalimu wa kumuuliza, wala cheti. Ilikuwa kama chuo kimeacha mlango wa maktaba wazi na mlinzi ameambiwa asimzuie mtu. Mwaka 2008 walimu wawili wa Canada, Stephen Downes na George Siemens, walisogea mbele zaidi. Kozi yao katika Chuo Kikuu cha Manitoba ilikuwa na wanafunzi takriban 25 waliolipa ada. Wakaifungua kwa dunia nzima, na watu zaidi ya 2,200 wakajiunga bila kulipa. Mwenzao Dave Cormier ndiye aliyelibuni jina la MOOC, yaani kozi huria ya mtandaoni ya halaiki. Hapa nitaziita kozi huria tu.

Kishindo chenyewe kilikuja 2011. Sebastian Thrun na Peter Norvig walifundisha akili mnemba katika Chuo Kikuu cha Stanford, kozi wakaiweka wazi mtandaoni, na watu wapatao 160,000 wakajiandikisha. Mwaka uliofuata majukwaa matatu yakawa yamesimama: Udacity ya Thrun, Coursera ya Andrew Ng na Daphne Koller, na edX ya MIT pamoja na Harvard. Gazeti la New York Times likauita 2012 mwaka wa MOOC. Thrun akatabiri kwamba baada ya miaka 50 dunia itabakiwa na taasisi 10 tu za elimu ya juu.

Utabiri huo ulianza kuvuja mapema. Mwaka 2013 Udacity ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Jimbo cha San Jose kufundisha hisabati na takwimu za mwanzo. Safari hii wanafunzi hawakuwa wahandisi wenye kiu ya kuongeza maarifa. Walikuwemo vijana waliokwisha kushindwa hisabati, na wengine wa sekondari kutoka familia zenye hali ngumu. Muhula wa kwanza waliofaulu wakawa wachache kuliko wa darasa la kawaida, na Julai jaribio likasimamishwa. Mwaka huohuo Thrun alikiri kwa mwandishi wa habari kwamba bidhaa yao ilikuwa mbovu. Ni nadra mtu wa teknolojia kutamka hivyo hadharani, kwa hiyo nampa heshima yake.

Asilimia tatu, na asilimia nyingine inayoumiza zaidi

Kozi ya kwanza ya MIT kwenye mfumo uliokuja kuwa edX ilihusu saketi na elektroniki. Walijiandikisha watu karibu 155,000, wakapata cheti 7,157. Kati ya waliopata alama zote alikuwemo kijana wa miaka 15 kutoka Mongolia, Battushig Myanganbayar, ambaye baadaye MIT yenyewe ilimchukua. Kwa miaka kadhaa hukuweza kusikia hotuba ya sifa za kozi huria bila kumsikia Battushig. Wale wengine laki moja na arobaini na kitu hawakuhutubiwa sana.

Mwaka 2019 watafiti Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichapisha katika jarida la Science hesabu ya kozi zote ambazo MIT na Harvard walikuwa wameziendesha kwenye edX tangu 2012 hadi 2018. Zaidi ya nusu ya waliojiandikisha hawakufungua somo hata moja. Mwaka wa masomo 2017/18 waliofika mwisho walikuwa asilimia 3.13. Ukilisikia hilo kwa mara ya kwanza unapata picha ya meli iliyoondoka bandarini na abiria mia, ikafika Bukoba na watatu.

Picha hiyo inadanganya kidogo, na naomba tuisimamishe hapo kabla hatujaitumia kuhukumu. Simama mlangoni mwa soko la Mlango Mmoja asubuhi uhesabu wanaoingia, kisha uhesabu wanaotoka na kiroba. Wengi wataonekana "wameshindwa" kununua, kumbe mmoja alikuja kuulizia bei, mwingine anakatiza kwenda upande wa pili, na mwingine kamfuata shangazi yake. Reich huyohuyo, mwaka 2014, aliwauliza wanafunzi wa kozi za Harvard nia zao tangu mwanzo. Waliosema wanataka kumaliza, asilimia 22 walipata cheti. Waliosema wamekuja kutazama tu, asilimia 6. Mimi binafsi nimejiandikisha kozi saba katika miaka yangu ya kuparamia intaneti na nimemaliza moja. Katika mbili nyingine nilichukua somo nililolitaka nikaondoka zangu, na siziiti hasara. Zile nne zilizobaki ni uvivu, hazina utetezi.

Namba inayonikosesha raha ni ya mwaka 2013, ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliowahoji wanafunzi karibu 35,000 wa kozi zao za Coursera. Wengi mno walikuwa na shahada tayari. Walipozitazama Brazil, China, India, Urusi na Afrika Kusini, waliona kwamba karibu asilimia 80 ya wanafunzi wa nchi hizo walitoka katika ile asilimia 6 ya watu wenye mali na elimu kuliko wote. Yaani mlango uliofunguliwa kwa jina la maskini walikuwa wanaupita waliokwisha kukaa ndani. Na utafiti wa 2019 ulikuta hali haijageuka: wengi wa waliojiandikisha walikuwa bado ni wa nchi tajiri.

Bure inavyopunguzwa kidogokidogo

Hapa lazima tuulize swali la mwaloni, kule boti za wavuvi zinakoshusha samaki: nani anamlipa mwenye boti? Kutengeneza kozi moja nzuri kunahitaji mwalimu, mpiga video, mhariri, mtunga maswali na kompyuta za kuhudumia maelfu ya watu. Mwanzoni fedha zilitoka kwa vyuo na kwa wawekezaji waliotumaini kwamba mbele ya safari faida itapatikana. Mbele ya safari ilipofika, majukwaa yakaanza kuuliza nauli.

Cheti ndicho kilichotangulia. Miaka ya kwanza ukimaliza ulipewa cheti bila malipo. Mwisho wa 2015 edX iliacha kutoa vyeti hivyo vya bure, na Coursera nayo ikaelekea hukohuko. Kisha mwishoni mwa 2018 edX ikaweka kikomo cha muda kwa asiyelipa, na mazoezi yanayosahihishwa ikayahamishia upande wa wanaolipa. Leo kwenye kozi nyingi "bure" maana yake ni ruhusa ya kukaa dirishani: unamsikia mwalimu, ila daftari lako halikusanywi. Halafu mwaka 2021 kampuni ya 2U iliinunua edX kwa dola milioni 800 za Marekani, na Julai 2024 kampuni hiyo ikaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Sisemi haya kwa kusimanga. Nasema kwa sababu kijana anayejenga mipango yake juu ya kozi za bure ajue kwamba ardhi aliyojenga ina mwenyewe, na mwenyewe ana madeni.

Coursera ina msaada wa ada kwa asiye na uwezo. Unajaza fomu, unaeleza hali yako na utaitumiaje kozi, unasubiri majuma mawili hivi. Wengi hawajui kwamba mlango huo upo, na wengine hukata tamaa kwenye ile fomu, maana nayo inataka uandike Kiingereza cha kushawishi.

Hesabu ya Igoma

Sasa chukua kijana wa Igoma, kidato cha nne kamaliza, ana simu janja. Kozi ya wiki sita yenye saa mbili za video kila wiki ni saa 12. Video ya ubora wa kati hula karibu nusu GB kwa saa, basi ni GB 6 kabla hajatuma hata ujumbe mmoja wa WhatsApp. Na bando lina tabia moja ambayo maji ya ndoo hayana: usipolitumia leo, linakufa. Ukilinunua la wiki halafu mama akakutuma Magu kwenye msiba siku nne, darasa lako limezikwa pamoja na marehemu.

Ujanja upo. Bando la usiku ni nafuu, na majukwaa mengi yana programu ya simu inayokuwezesha kupakua video saa nane usiku ukazitazama mchana bila data. Ukishusha ubora wa picha, ukabaki na sauti na maandishi, gharama inashuka sana. Ila kioo cha simu nacho kina ukomo wake. Kozi ya uchambuzi wa data itakutaka ufungue jedwali lenye mistari elfu kumi, na jaribu wewe kulisoma jedwali hilo kwenye kioo chenye upana wa kiganja, au kuandika programu kwa kidole gumba. Kuna wanaoweza, nimewaona. Kuna pia watu wanaopiga kasia kwa mkono mmoja.

Mtandao wenyewe unatujia kwa nyaya zilizolala baharini mpaka pwani, halafu unapanda nchi kavu hadi huku ziwani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, SEACOM na EASSy, zilipata hitilafu kwa pamoja, na intaneti ya Tanzania ikasuasua kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na mtihani wa mtandaoni wiki ile anajua ninachosema. Kwa hesabu iliyotolewa mwaka huohuo wa 2024 na Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, watu bilioni 2.6 duniani walikuwa hawatumii intaneti kabisa, na barani Afrika waliokuwa wakiitumia ni asilimia 38. Kozi ya bure inaanzia baada ya kizingiti hicho.

Hata saa zinatuchanganya. Niliwahi kukosa tarehe ya mwisho ya zoezi kwa sababu jukwaa lilihesabu kwa saa za California. Usiku wa manane wa kule, ule unaoianza tarehe, kwetu ni saa tano asubuhi ya tarehe hiyohiyo, au saa nne wao wakishasogeza saa zao za kiangazi. Mimi nilijua nina muda hadi usiku wa siku ile. Ukiongeza kwamba sisi siku tunaianza alfajiri na wao wanaianza usiku wa manane, unahitaji kozi nyingine ya kukufundisha saa.

Lugha na gunia la dagaa

Tatizo la lugha linatajwa kila mahali, kwa kawaida kwa sentensi moja: kozi ni za Kiingereza. Kwetu lina mikunjo zaidi. Mtoto wa Tanzania husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akifika sekondari anageuziwa Kiingereza, kwa hiyo akimaliza kidato cha nne anakijua Kiingereza cha mtihani. Anaweza kuandika maana ya usanisinuru. Mhadhiri wa Boston anapoongea haraka, akatania, akaacha sentensi hewani, hicho ni Kiingereza kingine kabisa. Maandishi ya chini ya video husaidia, na siku hizi mashine huyatafsiri hadi kwa Kiswahili, japokuwa niliwahi kuona somo zima la takwimu ambamo neno la wastani lilitafsiriwa "maana". Nikakaa nasoma kuhusu "maana ya urefu wa wanafunzi" mpaka nikashtuka.

Hata maneno yakinyooka, mifano inabaki ya kwao. Mikopo ya nyumba ya miaka thelathini, mchezo wa besiboli, bima ya gari. Mwanafunzi anatumia nusu ya akili yake kuuelewa mfano, na nusu iliyobaki ndiyo inayoelekea kwenye somo. Nenda pale mwaloni Kirumba utazame mnunuzi wa dagaa mwenye uzoefu. Gunia likifunguliwa haangalii juu, kwa sababu juu muuzaji kapanga dagaa wazuri. Anazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, anatoa konzi ya katikati, anaipima kwa vidole kama imekauka, kisha anafungua gunia la saba na la kumi na mbili bila mpangilio ambao muuzaji angeweza kuutabiri. Huyo mama anafanya sampuli nasibu. Hajasoma takwimu, lakini sababu ya kutochagua gunia lililo mbele anaijua vizuri kuliko wahitimu kadhaa ninaowafahamu. Somo la takwimu lililoanza na gunia lile lingemshika kijana wa huku kabla mhadhiri hajamaliza kujitambulisha.

Kazi ya aina hiyo kwa Kiswahili imefanyika zaidi kwa watoto. Ubongo, wa Dar es Salaam, wamekuwa wakifundisha hesabu na sayansi kwa katuni tangu 2014, na Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni. Mtu mzima anayetaka kujifunza uhasibu wa duka au umeme wa jua kwa Kiswahili chenye mpangilio, kutoka somo la kwanza hadi mtihani, bado anaokoteza video moja hapa na nyingine pale.

Cheti kinamwambia nini mwajiri

Yule kijana wa steshenari alikuwa na wazo sahihi kukilaminisha. Nchi hii inapenda karatasi. Lakini cheti cha kozi huria hakimo katika ngazi zinazosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu wala katika zile za NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi. Hakikupandishi daraja, na hakikuingizi chuoni peke yake. Kinachoweza kufanya ni kumwonyesha mwajiri kwamba unajituma na unajua kitu fulani. Mwajiri wa kazi za kompyuta atakuuliza: nionyeshe ulichotengeneza. Afisa utumishi wa kawaida atakigeuza nyuma na mbele akitafuta mhuri.

Na kumbe njia ya kutatua hili tunayo. Kwa miaka mingi VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, imekuwa ikiwapima mafundi waliojifunzia gereji na kwenye saiti za ujenzi, watu ambao hawajawahi kukaa darasa la ufundi. Anapewa kazi aifanye, anatazamwa, akifaulu anapata cheti kinachotambulika. Ujuzi wake uliotoka mtaani hauulizwi umetoka kwa nani. Sioni kwa nini aliyejifunzia kwenye simu asipimwe kwa mtindo huohuo: kaa hapa, data hizi hapa, tuoneshe.

Ziwa hili lilishawahi

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Watu wengi huzijadili kozi huria kana kwamba kufundisha halaiki kutoka mbali kulianza mwaka 2011. Mwaka 1968, hapahapa Mwanza, ulianza mradi wa majaribio wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO kwa mikoa ya ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi ambayo leo ni Kagera. Vitabu vyake vya kujifunzia kusoma havikuanza na hadithi za sungura. Kimoja kilihusu pamba, kingine uvuvi, kingine ufugaji. Mkulima wa Kwimba alijifunza herufi akiwa anasoma namna ya kupalilia pamba yake. Kisha likaja gazeti la vijijini lililotolewa Mwanza, *Elimu Haina Mwisho*, ili aliyejua kusoma asisahau kwa kukosa cha kusoma.

Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikaendesha kampeni ya Mtu ni Afya nchi nzima. Mwalimu alikuwa redio. Watu wapatao milioni mbili walijifunza kwa wiki 12 kuhusu malaria, kichocho, kuhara na kifua kikuu. Jaribu kuiweka namba hiyo pembeni ya 160,000 wa Stanford, katika nchi ambayo wakati ule wengi hawakuwa na redio yao wenyewe.

Hawakuhitaji kuwa nayo. Walipangwa katika vikundi, karibu vikundi 75,000. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, na redio moja. Kipindi kikiisha, redio inazimwa, kijitabu kinafunguliwa, na watu wanajadili: hapa kwetu maji tunachota wapi, choo kiko umbali gani? Halafu wanakwenda kuchimba choo. Asiyekuja wiki ile aliulizwa na jirani yake kulikoni. Nadhani sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ambayo Stanford, pamoja na fedha zake zote, haikuiweka kwenye kozi. Video ilitolewa bure, mazoezi bure, hata cheti kilitolewa bure kwa muda. Aliyekosekana ni mtu wa kukuuliza kulikoni.

Dunia imeanza kulijua hilo kwa njia ya mzunguko. Chicago, tangu 2015, maktaba za umma zilishirikiana na shirika la P2PU kuanzisha duru za kusoma: watu kadhaa wanakutana maktaba mara moja kwa wiki, wanafuata kozi huria pamoja, na anayewaongoza si mtaalamu wa somo, ni mtu wa kuhakikisha viti vipo na kila mmoja kaongea. Maktaba za Kenya nazo zimejaribu. Kigali, chuo cha Kepler kilianza 2013 kwa kuchanganya masomo ya mtandaoni na walimu wanaokaa na vijana ana kwa ana. Upande wa pili kuna waliojaribu dawa nyepesi. Utafiti wa 2017 ulionyesha kwamba zoezi fupi la kuandika mwanzoni mwa kozi linawasaidia sana wanafunzi wa nchi zinazoendelea kumaliza. Matumaini yakapanda. Walipolijaribu tena katika kozi zipatazo 250, matokeo yaliyochapishwa 2020 yalikuwa hafifu.

Kwa Mwanza, sehemu kubwa ya vifaa ipo. Ipo maktaba ya mkoa, vipo vituo vya Chuo Kikuu Huria, ambacho kimekuwa kikifundisha watu kutoka mbali tangu kilipopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994, na zipo kompyuta za shule zinazolala mwisho wa wiki. Kuna programu ya bure iitwayo Kolibri, ambayo huweka maelfu ya masomo kwenye kompyuta moja ndogo, na wanafunzi wakaunganisha simu zao kwenye kompyuta hiyo bila tone la intaneti. Bando linakuwa halihitajiki tena. Kigumu ni kumpata yule kiongozi wa kikundi, na kumlipa walau nauli na muda wake. Mwaka 1973 serikali na chama viliwapata viongozi hao kwa maelfu, kwa msukumo ambao leo haupo, na siombi urudi wote. Lakini mradi wowote wa elimu ya mtandaoni ukiletwa huku, mimi ninatazama bajeti yake imeandika nini mbele ya jina la kiongozi huyo.

Yule kijana, tulipokuwa tunasubiri laminesheni ipoe, nilimuuliza alimalizaje.

"Tulikuwa wanne, kaka. Kila Jumapili jioni, kwa mshikaji Nyakato. Kuna mmoja alikuwa anatufuata majumbani, yaani ukijificha anakuja na bodaboda."

"Wote mmemaliza?"

"Wawili. Mwingine alipata kibarua kwenye reli ya SGR. Na huyo aliyekuwa anatufuata, laptopu ilikuwa ya shemeji yake, ikachukuliwa wiki ya tano."